Nyota za Begani Hazitoshi Kupima Cheo

Jenerali wa brigedi wa Ufaransa huvaa nyota mbili, na Brigedia Jenerali wa Marekani huvaa moja. Anayehesabu nyota atadhani Mfaransa ndiye mkubwa, kumbe wawili hao wanalingana: Ufaransa huanza na nyota mbili kwa jenerali wa ngazi ya chini, Marekani huanza na moja. Majina nayo hupotosha. Kapteni wa nchi kavu kwa kawaida huongoza kombania, yaani askari mia moja na ushee. Kapteni wa wanamaji wa Uingereza au Marekani yuko sawa na Kanali, na anaweza kukabidhiwa manowari yenye mamia ya mabaharia. Ndiyo maana nchi za NATO huwapanga maafisa kwa ngazi 10 za namba: Kapteni wa kwanza yuko ngazi ya 2, wa pili ngazi ya 5. Kipimo cha kweli cha cheo, basi, ni dhamana aliyobeba mtu.

Jambo hili linagusa maisha ya watu. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unazitaka pande zinazopigana zijulishane vyeo vya askari wao, ili mateka wa vyeo vinavyolingana watendewe sawa. Afisa aliyetekwa hawezi kulazimishwa kufanya kazi. Askari wa kawaida mwenye afya anaweza kufanyishwa. Hata posho ya mwezi imewekewa viwango: faranga 8 za Uswisi kwa walio chini ya Sajenti, 75 kwa majenerali. Cheo kikisomwa vibaya, mateka hupoteza haki yake.

Wapo watakaouliza: jenerali wa jeshi dogo atalinganaje na wa jeshi kubwa? Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya cheo na nguvu. Kulinganisha vyeo huonyesha nafasi ya mtu katika ngazi za jeshi lake. Hakupimi wingi wa vifaru vyake. Na mamlaka ya kuamuru wageni hutokana na uteuzi. Mwaka 2013, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania aliongoza brigedi ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil. Hakuna aliyehitaji kupima ukubwa wa majeshi yao kwanza. Msomaji akikutana na cheo kigeni, aulize mwenye cheo anaongoza nini na anawajibika kwa nani.