Tope la Bandari Lina Sumu au Halina?

Maji yanapokupwa katika Ghuba ya Tanga, akina mama huingia matopeni kando ya mikoko kuchimba kombe. Mmoja wao, nilipomwamkia, alinyanyua konzi ya tope jeusi linalonuka kama yai viza, akaniuliza: "Mwanangu, hili lina sumu au halina?" Swali ni fupi, jibu si fupi, nami nimelichukua kwa mazungumzo ya juma hili.

Kwa nini tope na si maji? Maji hujaa na kupwa. Ukiyachota leo, ya jana hayapo. Tope hubaki. Chembe zake laini hushika madini ya risasi, kadimiamu na mafuta, kisha hutua tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo tope la ghuba limetunza habari za mji wa Tanga. Zimo za mkonge, ambao katika kila kilo 100 za majani nyuzi hazizidi kilo 5 hivi, na makapi mengi yaliishia mitoni. Zimo za kiwanda cha mbolea kilichofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zimo pia za meli na rangi zake zenye sumu ya bati, ambazo mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008.

Wengi hudhani inatosha maabara kutoa namba. Namba peke yake hudanganya. Tope laini hushika madini kuliko mchanga, hivyo ukilinganisha tope la mikokoni na mchanga wa Raskazone utaona "uchafuzi" hata pasipokuwa na kiwanda. Mto Zigi nao hushusha udongo mwekundu wa Usambara wenye chuma chake cha asili. Tope lilinganishwe na tope.

Ndiyo maana wataalamu huongeza vipimo viwili. Huweka vidudu vidogo jamii ya kamba ndani ya tope kwa siku 10, wakahesabu waliobaki hai. Tena huchekecha tope la mahali penyewe kuona nani anaishi humo. Penye kaa, konokono, kombe na minyoo ya kila namna, pana afadhali. Palipojaa minyoo midogo ya aina moja au mbili tu, pana mashaka. Vipimo vitatu vikikubaliana, mtu anaweza kusema neno. Mara nyingi havikubaliani.

Sasa ile harufu. Hutokana na salfa, makapi yanapooza pasipo hewa. Ajabu ni kwamba salfa hiyo hiyo hufunga madini mengi yasiingie kwa urahisi miilini mwa viumbe. Lakini tope likichimbuliwa likapata hewa, fundo hulegea.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Kuanzia mwaka 2019 njia ya meli ya bandari ya Tanga ilichimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13. Sina ugomvi na kazi hiyo; zamani meli zilitia nanga mbali, shehena ikaletwa kwa matishari, na mji ulipata hasara. Ila tope hurudi, na njia itahitaji kuchimbwa tena. Kila mara iulizwe: tope hilo limepimwa kwa njia zote tatu, na linakwenda kumwagwa wapi? Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kazi ya kuchimba na kufukia tope la ghuba ilianza 1977 ikaisha 1990.

Yule mama nilimwambia kwamba harufu si ushahidi wa sumu, wala kukosa harufu si ushahidi wa usalama. Akacheka, akatia kombe zake kikapuni. Alilotaka kujua ni nani atakayekuja kupima, na lini.