JERAHA, KIDONDA NA DONDA NDUGU: MANENO YA KUMWAMBIA DAKTARI

Wakulima wengi wa skimu wana mtoto, ndugu au shemeji anayekaa Nairobi katika mitaa ya Eastlands: Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Bahati au Jericho. Mtu akizidiwa na ugonjwa shambani, mara nyingi ndiko anakopelekwa. Hulala kwa mtoto wake, na asubuhi huenda kituo cha afya cha Bahati, cha Jericho au cha Makadara, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Huko huulizwa, "Mzee, unaumwa na nini?" Naye hujibu neno moja tu: "Kidonda."

Neno hilo ni jema, lakini halitoshi. Mwili huharibika kwa njia nyingi, na dawa ya njia moja si dawa ya nyingine. Yafaa kila mkulima ajue tofauti za maneno haya matatu.

JERAHA

Jeraha ni neno lililotoka katika Kiarabu. Maana yake ni mwili kuumizwa na kitu, kama panga, jembe, seng'enge au gari. Mtu aliyeumizwa huitwa majeruhi. Jeraha lina siku yake na saa yake, kwa hiyo mwambie daktari uliumia lini, na kwa kitu gani. Ukisema ulijikata kwa jembe lenye udongo na samadi, mara moja atafikiri juu ya pepopunda, kwa maana vijidudu vya ugonjwa huo hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Atakuuliza kama umechanjwa.

KIDONDA

Kidonda ni mahali palipolika pakabaki wazi. Huweza kuanza kwa jeraha, tena huweza kutokea bila kuumizwa na kitu, hata ndani ya mwili. Ndiyo maana twasema vidonda vya tumbo. Zamani watu walidhani vidonda hivyo huletwa na pilipili na mawazo mengi. Lakini mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kinachosababisha vingi vya vidonda hivyo, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi wagonjwa wengi huponywa kwa dawa za kuua kijidudu hicho.

DONDA NDUGU

Ukiondoa "ki", kidonda chawa donda, yaani kidonda kikubwa. Donda ndugu ni lile linaloenea, lisilotaka kupona. Hapa nyama yenyewe inakufa. Nyama ya mwili huishi kwa damu. Damu isipofika, au vijidudu vikishinda, hugeuka rangi, mara nyingi ikawa nyeusi, nayo huweza kunuka. Madaktari huita kufa huko nekrosisi. Na sehemu kubwa ikifa kwa kukosa damu au kwa kuoza, huiita gangrini. Nyama iliyokufa haifufuki kwa dawa yo yote. Daktari huiondoa ili nyama nzima ipate kupona. Mgonjwa akicheleweshwa, huenda ikabidi akatwe kidole, au mguu mzima.

Mwenye kisukari ajihadhari zaidi. Ugonjwa huu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu miguuni. Kijiwe kidogo ndani ya gambuti chaweza kumchubua kutwa nzima asisikie maumivu. Atazame nyayo zake kila jioni, na kama macho ni dhaifu, mtoto amtazamie.

MAMBO YA KUFANYA

1. Damu ikitoka, bana mahali hapo kwa kitambaa safi mpaka ikome.

2. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha lifunike.

3. Usitie samadi, majivu wala mafuta ya taa.

4. Ukiona wekundu unaoenea, usaha, harufu mbaya, homa au ngozi nyeusi, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Usingoje nauli ya kwenda Nairobi ikiwa zahanati iko karibu.

5. Mweleze kilianzaje, lini, kama kinaenea, na dawa uliyotia, hata ikiwa ya kienyeji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkulima akikatwa mguu, shamba lake pia limeumia.