Kobe Mchanga Nyumbani: Jina, Malezi na Sheria

Utangulizi

Wahenga walisema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Lakini kobe mchanga anayeokotwa na watoto wa Madogo mvua zinyeshapo hatungi sheria yoyote. Anatafuta majani mabichi. Akishatiwa katika boksi, uhai wake hutegemea maarifa ya wenye nyumba. Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua, mahitaji yake ya siku za kwanza, na sababu za kumrudisha alikotoka.

Jina moja, wanyama tofauti

Madogo ni mji wa Kaunti ya Tana River, ulio ukingo wa magharibi wa Mto Tana, ng'ambo ya Garissa. Upande mmoja pana mto na madimbwi yaachwayo na mafuriko, kama yale ya 2023 na 2024 yaliyokata barabara ya kwenda Garissa. Upande wa pili pana nyika kavu ya migunga. Kila upande una kobe wake.

Kiswahili kimemtenga kasa, aishiye baharini. Wa nyikani na wa mtoni, kwa kawaida, wote huitwa kobe. Upana huo wa maana si tatizo katika mazungumzo, ila katika malezi huweza kuua. Kobe wa nyikani akitumbukizwa katika ndoo iliyojaa maji hufa maji. Wa mtoni akiachwa katika boksi kavu hukauka.

Alama za kuwatofautisha ni wazi. Kobe wa nchi kavu ana gamba lililoinuka kama kuba na miguu minene mfano wa tembo, naye huvuta kichwa moja kwa moja hadi ndani. Kobe wa mtoni ana gamba bapa na vidole vyenye utando, naye hukunja shingo kwa upande. Anayejulikana zaidi nyikani ni yule mwenye madoa kama ya chui, ambaye Thomas Bell alimpa jina la kisayansi la pardalis mwaka 1828.

Vilevile, maelekezo mengi ya ughaibuni yanahusu kobe wa jenasi ya Terrapene wa Marekani na Mexico, ambao gamba lao la chini lina bawaba na hujifunga kama sanduku. Hao hula wadudu na nyungunyungu pamoja na matunda. Kobe wa nyikani ni mla majani. Akilishwa vyakula vya wenzake hao kila siku, hudhurika.

Malezi ya siku za kwanza

Iwapo kobe wa nyikani analazimika kukaa nyumbani kwa muda, kwa mfano kwa kuwa amejeruhiwa, yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, chakula. Apewe nyasi, magugu na maua ya porini yasiyopuliziwa dawa. Ugali, mkate, maziwa na nyama havimfai.

Pili, jua. Apate jua la asubuhi lisilopitia kioo, maana kioo huzuia miali inayomwezesha kutumia chokaa kujenga gamba na mifupa. Pawepo pia kivuli cha kujificha, kwani boksi lililoachwa juani huwa tanuri.

Tatu, maji. Yawekwe katika sahani ya kina kifupi, yasimfike kidevuni.

Nne, usalama. Usiku afunikwe dhidi ya paka na siafu. Mchana dhidi ya kunguru na kenge. Gamba lake lisitobolewe wala kupakwa rangi, kwa kuwa ni mfupa hai wenye damu na neva. Aidha, kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, kwani kobe huweza kubeba vimelea vya salmonela bila kuonyesha ugonjwa.

Kwa nini arudishwe

Wengi humchukua wakidhani ni yatima. La hasha! Kobe jike hufukia mayai yake na kwenda zake; mtoto hujitegemea tangu anapoanguliwa. Kuwa peke yake ndiyo hali yake ya kawaida. Isitoshe, huyo anayeenea kiganjani huweza kufikia urefu wa sentimita 40 na kuishi zaidi ya miaka 50.

Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kinatoa funzo. Mwaka 1919 kililetewa kobe wakubwa wanne kutoka Ushelisheli. Kufikia 1955 walikuwa takriban 200. Kisha wakaibwa kwa ajili ya kufugwa na kuliwa hata wakabaki 7 mwaka 1996. Idadi iliyojengwa kwa miongo ilimalizwa na watu waliochukua mmoja mmoja.

Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali. Hivyo kobe mzima arudishwe palepale alipookotwa. Aliyejeruhiwa au aliyetoka mbali apelekwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba malezi ya kobe huanza na kumtaja sawasawa. Wanafunzi wa istilahi wana kazi hapa: kukusanya majina wanayotumia Wamunyoyaya, Waorma, Wamalakote na Wasomali wa Madogo kwa kila aina ya kobe, ili Kiswahili kipate maneno ya kumwongoza mtoto aliyeshika boksi mkononi.