Kubadili Muundo wa Jedwali Kubwa la Hifadhidata Bila Kusimamisha Huduma: Mfano wa Anwani za Makazi, Raskazone, Tanga

Makala hii inafafanua namna ya kubadili muundo wa jedwali kubwa la hifadhidata ambalo halina saa ya kupumzika. Mfano unaotumika ni wa anwani. Kwa miaka mingi, mkazi wa Raskazone jijini Tanga alitambulishwa katika kumbukumbu za taasisi kwa sanduku la posta (S.L.P.). Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi nchini kote kabla ya Sensa ya Agosti. Anwani hiyo hujumuisha namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, na msimbo wa posta wa tarakimu 5, ambao kwa Mkoa wa Tanga huanza na 21. Taasisi inayotaka kuhifadhi anwani hizo hulazimika kuongeza safuwima katika jedwali la wateja.

Ugumu wa kazi hiyo umo katika kufuli. Katika mfumo wa PostgreSQL, amri ya kuongeza safuwima huhitaji kulishika jedwali zima peke yake, japo kwa muda mfupi. Iwapo ripoti ndefu inalisoma jedwali hilo, amri hungoja. Na maombi yote yanayofuata, hata ya kusoma tu, hupanga foleni nyuma yake. Wakati huo huo, mkazi anayelipia ankara ya maji kwa simu huona fedha zimekatwa ilhali risiti haijarudi, akashawishika kulipa mara ya pili.

Kwa sababu hiyo, mabadiliko hugawanywa katika hatua. Kwanza, safuwima mpya huongezwa zikiwa tupu, na amri huwekewa kikomo cha sekunde chache za kusubiri kufuli. Ikishindwa, hurudiwa baadaye. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018, PostgreSQL huweza pia kuongeza safuwima yenye thamani ya msingi isiyobadilika bila kuliandika upya jedwali zima. Pili, programu huanza kuandika anwani mpya pamoja na ya zamani. Tatu, rekodi zilizopo hujazwa kwa mafungu madogo, kwa mfano 1,000 kwa wakati mmoja, ili kufuli za kila fungu ziachiliwe mapema. Nne, faharasa hujengwa kwa njia isiyozuia uandishi. Ujenzi ukikatika, faharasa batili inayobaki hufutwa kabla ya kuanza upya.

Hatua ya tatu ndiyo inayofichua tatizo ambalo kufuli hazilielezi. S.L.P. huonyesha mahali barua zinapochukuliwa, si mahali mtu anapoishi. Sanduku moja huweza kutumiwa na ukoo mzima au na ofisi ya mwajiri. Hivyo, hakuna kanuni ya kugeuza S.L.P. kuwa namba ya nyumba. Taarifa hiyo hupatikana kwa mteja mwenyewe au kwa kufika nyumbani kwake.

Hapa ndipo mhandisi huweza kukosea. Sharti kwamba kila rekodi iwe na anwani ya makazi linaweza kuwekwa bila kukagua rekodi za zamani, na hatua hiyo huonekana salama. Hata hivyo, sharti hilo hutumika pia kila rekodi ya zamani inapohaririwa. Kama salio la ankara limo katika safumlalo hiyo hiyo, malipo ya mteja ambaye anwani yake haijapatikana yatakataliwa, ingawa hayahusiani na anwani.

Kwa hiyo, sharti huwekwa baada ya rekodi kukamilika, na safuwima ya S.L.P. huondolewa mwisho kabisa, baada ya kuthibitika kwamba hakuna programu inayoisoma. Hatua zote za awali zaweza kurudishwa nyuma; ya kufuta hairudi. Usalama wa jedwali, basi, hautokani na kasi ya amri, bali na subira ya kuacha muundo wa zamani na mpya viishi pamoja hadi mteja wa mwisho afikiwe.