Pete nyeupe kwenye boneti ya gari la siku nyingi

Maji ya kisima yakikauka juu ya boneti, kinachopaa ni maji tu. Kalsiamu, magnesiamu na chumvi yaliyotoka nazo ardhini hubaki palepale, na kwa kuwa tone likikauka husogeza madini kuelekea ukingoni, doa linaloachwa huwa na umbo la pete. Ni ukoko uleule unaoganda ndani ya birika la chai. Chukua kisima chenye gramu 1 ya madini kwa kila lita: robo lita ya maji ikibaki mwilini mwa gari baada ya kuoshwa, umeachiwa robo gramu ya unga. Kwenye Mark II nyeusi, robo gramu hiyo inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Wapo wanaoamini kwamba tone hugeuka lenzi na kuunguza rangi. Si hivyo; tone lililojilaza juu ya bati liko karibu mno na rangi kiasi kwamba miale yake ingekutana chini zaidi ya hapo. Kosa la jua ni jingine. Boneti nyeusi iliyoachwa juani mchana huweza kupita nyuzi joto 60, hivyo maji hukauka kabla kitambaa hakijafika.

Gari jipya huvumilia. Gari la miaka ya 1990 lina hadithi tofauti, kwa sababu tabaka angavu la juu, ambalo mafundi rangi huliita klia, kwa kawaida hutoka kiwandani likiwa na unene wa maikroni 40 hadi 50, chini ya unene wa unywele, na kila mara gari lilipopigwa mashine ya kung'arisha, kiasi fulani kiliondoka. Jua nalo limeilegeza klia hiyo, ikawa na vijitundu ambamo madini hujikita. Baadhi ya magari meupe ya Kijapani ya enzi hizo hayana klia kabisa. Kuyatambua ni rahisi: weka polishi kidogo kwenye kitambaa cha rangi nyingine, sugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, unasugua rangi yenyewe.

Kabla ya kununua dawa yoyote, osha gari vizuri kwa maji matamu, kisha ulitazame kivulini. Anayeishi kando ya bahari mara nyingi anapambana na chumvi ya kawaida, na hiyo huyeyuka papo hapo. Pete zinazobaki zijaribu kwa siki nyeupe ya jikoni iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bati liwe la baridi. Loanisha kitambaa laini, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili bila kusugua, inua, suuza, kisha pitisha maji yenye shampuu ya magari ili asidi isibaki. Kalsiamu itayeyuka, huenda kwa awamu mbili. Usiweke siki penye mkwaruzo uliofika kwenye bati wala penye kutu, maana kutu huipenda asidi. Limau pia lina asidi, ila lina sukari na nyuzi zinazonata. Siki ni safi zaidi. Tindikali ya betri isikaribie gari, hata kama jirani anaapa kwamba ilimsaidia.

Kuna madoa yasiyosikia siki. Visima vya maeneo ya volkano huweza kuwa na silika, na siki haiigusi silika. Mengine si uchafu tena: madini yamekwisha kuila klia na kuacha kishimo. Hapo pana njia moja tu, kuipunguza klia iliyozunguka kishimo hadi usawa wake, na ndipo ninapowasihi wenye magari ya zamani wapunguze papara. Anza kwa mkono na polishi laini kuliko zote, sehemu ndogo kama kiganja, kisha tazama. Kopaundi kali na msasa wa maji mwachie fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, na kwenye kingo za milango na boneti, ambako rangi huwa nyembamba zaidi, asiguse. Klia iliyoanza kubanduka haing'arishwi, hupakwa upya. Binafsi, kishimo kinachoonekana kwa kuinamisha kichwa tu ningekiacha.

Dizeli na mafuta ya taa, wanavyopaka baadhi ya waosha magari, huficha pete kwa siku chache na kukusanya vumbi. Dawa ya meno hukwaruza.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Osha kabla ya saa tatu asubuhi au jioni jua likishapoa, kipande kwa kipande, bila kusubiri gari zima lipigwe povu. Sabuni ya unga huondoa nta, iache kwa nguo. Mwishoni toa kichwa cha mpira wa maji, acha maji yatiririke polepole kutoka juu. Hushuka kama shuka moja na kubakiza matone machache. Kisha kausha hapo hapo, pamoja na chini ya vioo vya pembeni na vitasa, ambako maji hujificha na kuchuruzika gari likianza kutembea. Kama huna ila maji ya chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, lakini si ya mvua ya kwanza inayofagia vumbi la paa. Maji yaliyotoneshwa ya kujazia betri pia yanafaa, mradi usome chupa: tindikali huuzwa kaunta ileile.

Nta haizuii madoa kutokea. Kwa kweli huyakunja maji yawe vidonge, na pete zikaonekana zaidi. Faida yake ni kwamba pete hukaa juu ya nta, si ndani ya rangi, na mara nyingi hutoka kwa shampuu tu. Kwa gari linalolala nje, ipake kila baada ya miezi miwili au mitatu, mapema zaidi ukiona maji yameacha kukunjamana juu ya boneti.