Mpelelezi Msomaji wa Maneno: Riwaya za Morse Kutoka Ukurasani Hadi Kwenye Televisheni

Utangulizi

Mtu atazamapo mchezo wa upelelezi katika televisheni, hali amekwisha kuisoma riwaya iliyouzaa, mara nyingi hutoa hukumu moja tu: kitabu ni bora. Hukumu hii hutolewa upesi mno, na aghalabu haielezi ni kitu gani hasa kilichopotea njiani, wala ni kitu gani kilichopatikana. Suala hili latuhusu sisi tunaofundisha fasihi, kwa kuwa wanafunzi wengi siku hizi hukutana na picha kabla ya kukutana na kitabu, na baadhi yao huona kwamba picha yatosha. Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa mfano mmoja, nao ni mfululizo wa Inspector Morse, ulioonyeshwa na ITV ya Uingereza kati ya 1987 na 2000, katika vipindi 33, kutokana na riwaya za Colin Dexter.

Mfano huu tumeuchagua kwa sababu maalumu. Wapelelezi wengi wa fasihi husoma nyayo, majivu na alama za vidole. Morse husoma maneno. Basi, kama kuna mpelelezi ambaye ilikuwa shida kumhamisha kutoka ukurasani, ni yeye.

Mwandishi na mafumbo yake

Dexter (1930–2017) alisomea Kigiriki na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akawa mwalimu wa lugha hizo mpaka usikivu wake ulipopungua. Mwaka 1966 aliacha kufundisha, akaenda Oxford kufanya kazi katika ofisi ya mitihani. Alikuwa pia bingwa wa mafumbo ya maneno, yale yanayojazwa katika visanduku magazetini. Hata majina Morse na Lewis, yaani mpelelezi wake na msaidizi wake, aliyatwaa kwa watu aliokuwa akishindana nao katika mchezo huo. Aliandika riwaya 13 za Morse, kuanzia Last Bus to Woodstock (1975) hadi The Remorseful Day (1999).

Historia hii ya mwandishi imo ndani ya fani ya kazi zake. Katika riwaya ile ya kwanza mna barua yenye makosa ya tahajia. Mtu wa kawaida angeyapuuza, au angemcheka mwandikaji. Morse, ambaye hawezi kuvumilia sarufi mbovu, ayatazama makosa hayo moja moja, na humo akagundua kwamba makosa yenyewe ndiyo ujumbe. Hapa msomaji wa riwaya yu sawa na mpelelezi: barua iko mbele ya macho yake, naye aweza kuirudia mara tatu au nne kabla ya kufungua ukurasa unaofuata.

Mtazamaji wa televisheni hana nafasi hiyo. Ni kweli kwamba leo kuna vyombo vya kuisimamisha picha. Lakini mfululizo huu ulitungwa kwa ajili ya matangazo ya wakati mmoja, ambamo barua huonekana kwa nukta chache na kutoweka. Wakati wa kusoma ni mali ya msomaji. Wakati wa kutazama ulikuwa mali ya kituo cha televisheni. Tofauti hii, kwa maoni yetu, ndiyo ya msingi, nayo ndiyo iliyowalazimisha watayarishaji kutafuta njia nyingine za kulifikisha fumbo.

Mahali pa msimulizi

Njia ya kwanza ilikuwa kuongeza muda. Kila kipindi kilipewa saa mbili za matangazo, wakati michezo mingi ya upelelezi ilikuwa ya saa moja. Muda huo haukujazwa na mbio wala risasi. Ulitumiwa kuonyesha kuta za mawe za vyuo vya Oxford, mto, mfereji wa mtaa wa Jericho, na mtu mmoja akinywa bia peke yake huku akifikiri. Mtazamaji asiyezoea huenda akaona kwamba hapana jambo linalotendeka. Lakini tukumbuke kwamba msimulizi wa Dexter ni mtu wa kejeli: huwadhihaki wasomi wakubwa kwa upole, na sura nyingi huzitangulizia nukuu ya kuchekesha au ya kuhuzunisha. Kwenye kioo sauti hiyo ya msimulizi haipo. Kejeli imehamia katika mandhari. Jengo lenye umri wa karne nyingi laonekana limetulia katika mwanga wa jioni, kwaya inaimba, na ndani yake msomi mwenye heshima amemuua mwenziwe kwa ajili ya wivu au cheo. Hakuna neno linalosemwa, na dhihaka imefika.

Njia ya pili ni usawiri wa Lewis. Katika riwaya za mwanzo yeye ni mtu wa Wales aliyekwisha kupevuka kwa umri. Katika televisheni, akiigizwa na Kevin Whately, ni kijana wa kaskazini-mashariki ya Uingereza, na lafudhi yake yatambulisha mara moja alikotoka. Badiliko hili si la bure. Morse wa John Thaw (1942–2002) huzungumza Kiingereza cha wasomi, humkosoa Lewis matamshi na msamiati, naye Lewis huuliza maswali ambayo mtazamaji angependa kuuliza. Kwa hiyo yale ambayo kitabu huyaeleza kwa maandishi, mchezo huyaeleza kwa mazungumzo ya watu wa tabaka mbili na lafudhi mbili. Msomi wa isimujamii atapata mengi humo.

Njia ya tatu ni muziki. Barrington Pheloung, aliyetunga muziki wa mfululizo huu, alilitia jina la Morse ndani ya wimbo wa kufungulia kwa nukta na vistari vya simu ya upepo, alama ambazo nazo zaitwa kwa jina hilohilo. Mamilioni waliusikia wimbo huo bila kujua kwamba walikuwa wakisomewa herufi tano. Hivyo fumbo la herufi lilihama kutoka jicho hadi sikio.

Pale picha inapokishinda kitabu

Si haki kusema kwamba picha hufuata nyuma daima. The Silent World of Nicholas Quinn, riwaya ya 1977 iliyoonyeshwa mwaka 1987, yahusu mtu kiziwi anayefanya kazi katika ofisi ya mitihani, na ambaye huelewa mazungumzo kwa kutazama midomo. Fundo la kisa limefungwa katika jambo la fonetiki: sauti p, b na m hutamkwa kwa midomo miwili iliyofungwa, na jicho haliwezi kuona tofauti ya mghuno wala ya kupita kwa hewa puani. Mzungumzaji wa Kiswahili aweza kulithibitisha jambo hili mbele ya kioo chake cha nyumbani kwa kutamka, bila kutoa sauti, maneno pia, bia na mia. Yote matatu yana sura moja.

Katika kitabu, Dexter hana budi kulieleza jambo hili kwa maneno, nayo maneno yaliyochapwa huzitofautisha p, b na m waziwazi. Maandishi yenyewe yanapingana na hoja. Televisheni ina chombo ambacho ukurasa hauna: yaweza kuonyesha midomo na kuinyima sauti. Hapo mtazamaji hahitaji kuambiwa hali ya kiziwi; awekwa katika hali hiyo.

Tena, picha yaweza kukirekebisha kitabu. Morse wa riwaya za awali aliendesha gari la Lancia. Wa televisheni akapewa Jaguar nyekundu ya zamani, na baada ya hapo Dexter mwenyewe akampa Morse wake Jaguar. Tafsiri imerudi ikakitafsiri kitabu asilia.

Funzo kwa fasihi yetu

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili nayo yafaa kutazamwa kwa jicho hili. Tangu Mohammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Bwana Msa ameishi zaidi katika mazungumzo: kiko mkononi, Najum kando yake, na neno moja la shahidi likipimwa kama dhahabu kwenye mizani. Atakayetaka kumweka mbele ya kamera asianze kwa kuuliza, "Nitakata sura zipi?" Aulize kwanza fumbo limekaa wapi katika lugha ya kitabu, kisha atafute ni chombo gani cha picha au cha sauti kiwezacho kulibeba. Asipofanya hivyo atapata kiko na kofia, wala hatampata Bwana Msa.

Hitimisho

Tumeona kwamba mfululizo wa Inspector Morse haukuwa kivuli cha riwaya, wala hauwezi kusimama badala yake. Ni tafsiri, na tafsiri haihukumiwi kwa kuhesabu maneno yaliyoachwa, bali kwa kuchunguza kazi ambayo kila neno lilikuwa likifanya na ni nani anayeifanya sasa. Mwanafunzi anayetazama tu hatajua kwamba mandhari ile tulivu ilikuwa sauti ya msimulizi. Na mwalimu anayeikataza picha humnyima mwanafunzi njia ya kuigundua sauti hiyo. Inafaa basi vitu hivi viwili viwekwe mezani pamoja, kitabu kikitangulia, ili mwanafunzi aulizwe swali ambalo Morse angeliuliza: neno hili limekwenda wapi, na nani amelichukua?