Michoro Jumuishi au Kadi Kuukuu? Uteuzi wa Nyenzo za Michezo ya Tarakilishi

Utangulizi

Wahenga walituachia methali mbili zinazokinzana kuhusu umri wa vitu. Moja husema kuwa ya kale ni dhahabu. Nyingine hudai kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Mvutano wa methali hizi umeingia hata katika mabweni ya vyuo vikuu. Humo, mwanafunzi aliyenunua tarakilishi ya mtumba hujiuliza swali moja: je, acheze michezo yake kwa kutegemea uwezo wa michoro uliomo tayari ndani ya prosesa, au atafute kadi kuukuu ya michoro na kuipachika?

Swali hili laweza kuonekana jepesi, la watu wasio na shughuli. Hata hivyo, mwanafunzi wa kawaida hana tarakilishi mbili. Ile anayochezea kandanda usiku ndiyo anayoandikia tasnifu mchana. Fedha za kununulia kadi aghalabu hutoka katika mkopo ule ule wa chakula na wa kupigia chapa kazi zake. Akikosea, hapotezi mchezo tu. Huenda akapoteza mashine, na pamoja nayo sura tatu za tasnifu. Makala haya yanakusudia kueleza namna nyenzo hizi mbili zinavyofanya kazi, na kuonyesha kwamba uteuzi bora hautegemei umri wala jina la kifaa. Hutegemea mambo manne: kasi ya kumbukumbu, uhai wa programu endeshi, uwezo wa umeme, na aina ya michezo inayokusudiwa.

Maana ya Istilahi

Michoro, katika muktadha huu, ni kila kinachoonekana kwenye kiwambo: herufi, picha, nyasi za uwanja na kivuli cha mchezaji. Picha hizo hujengwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kiwambo cha pikseli 1920 kwa 1080 kina jumla ya pikseli 2,073,600. Mchezo unaokwenda kwa fremu 60 kila sekunde hudai nukta hizo zote zichorwe upya mara 60 katika sekunde hiyo moja, yaani zaidi ya nukta milioni 124. Kazi hii ni nyepesi kwa nukta moja moja, lakini ni nzito kwa wingi wake. Ndiyo sababu ikaundiwa chipu ya pekee.

Kadi ya michoro ni ubao mdogo unaopachikwa kwenye ubao mkuu wa tarakilishi, wenye chipu yake, kumbukumbu yake na, mara nyingi, feni yake. GeForce 256, iliyotolewa mwaka wa 1999, ndiyo ambayo kampuni ya NVIDIA iliitangaza kuwa ya kwanza duniani yenye chipu kamili ya aina hiyo. Michoro jumuishi, kwa upande mwingine, haina ubao wake. Mwanzoni iliwekwa katika chipu za ubao mkuu, kama ilivyofanya kampuni ya Intel mwaka huo huo wa 1999. Kufikia mwaka wa 2011, Intel na mshindani wake AMD walikuwa wameiunganisha na prosesa katika kipande kimoja cha silikoni. Kwa hivyo, anayenunua prosesa ya namna hiyo hununua pia mchoraji anayeishi ndani yake.

Kasi ya Kumbukumbu

Tofauti kubwa baina ya nyenzo hizi imo katika kumbukumbu. Michoro jumuishi ni mfano wa mpangaji asiye na jiko lake. Hupika katika jiko la pamoja, na kila mara hushindania nafasi na prosesa. Tarakilishi yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu ikitenga gigabaiti 2 kwa ajili ya michoro, programu nyingine zote husalia na gigabaiti 6. Kadi ya michoro nayo ni mpangaji mwenye jiko lake, asiyebisha hodi kwa mtu.

Hata hivyo, kuwa na jiko si hoja ikiwa jiko lenyewe halienei hata sufuria moja. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotoka. Wauzaji hutaja kiasi cha kumbukumbu ya kadi, kwamba ina gigabaiti 2 au 4, nao wanunuzi hudhani kuwa kiasi ndicho kasi. Kiasi ni ukubwa wa ghala. Kasi ni upana wa mlango wa ghala hilo. Kadi ya GeForce GT 710 yenye kumbukumbu ya DDR3 hupitisha gigabaiti 14.4 kwa sekunde, hata ikiwa na gigabaiti 2 za nafasi. Tarakilishi yenye vipande viwili vya kumbukumbu ya DDR4 ya kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 51.2 kwa sekunde. Mwenye prosesa ya Ryzen 5 5600G ya mwaka wa 2021, yenye michoro jumuishi, akiongeza kadi ya GT 710 atakuwa amelipa fedha ili arudi nyuma.

Kinyume chake, GeForce GTX 750 Ti ya mwaka wa 2014 hupitisha gigabaiti 86.4 kwa sekunde, na GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 hupitisha gigabaiti 112. Hizi ni kadi za miaka mingi, lakini milango yake ni mipana.

Tatizo huzidi pale ambapo jina moja hubeba vitu viwili. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kuwa neno paa laweza kuwa mnyama au sehemu ya nyumba, na kwamba muktadha ndio unaoamua. Kadi iitwayo GT 1030 ina hali hiyo hiyo. Ile ya mwaka wa 2017 yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Iliyofuata mwaka wa 2018 kwa jina lile lile, ikiwa na kumbukumbu ya DDR4, haifikii hata gigabaiti 17. Anayesoma jina bila kusoma aina ya kumbukumbu amesoma nusu ya habari.

Mfano wa Tarakilishi ya Ofisi

Mfano mmoja utafafanua zaidi. Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Intel Core i5-3470 ya mwaka wa 2012 ni miongoni mwa tarakilishi zilizotumika ofisini kisha zikauzwa tena. Michoro yake jumuishi huitwa HD Graphics 2500, nayo ina vitengo 6 tu vya kuchora, ilhali ndugu yake wa kizazi kile kile, HD Graphics 4000, ana vitengo 16. Mashine hii ikiwa na kipande kimoja cha kumbukumbu ya DDR3 ya kasi ya 1600, hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Ikiongezwa kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza, njia huwa mbili na kasi hufika gigabaiti 25.6.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, hatua ya awali kwa mwenye michoro jumuishi ni kuhakikisha kuwa ana vipande viwili vya kumbukumbu. Kipande hicho cha pili hunufaisha mchezo na tasnifu kwa pamoja, jambo ambalo kadi haiwezi. Pili, mlango mpana haufui dafu bila wabebaji. Vitengo 6 ni vichache mno, na kwa mashine hii kadi ifaayo italeta tofauti itakayoonekana kwa macho. Mwenye Ryzen 5 5600G hayumo katika hali hiyo, kwa kuwa michoro yake jumuishi ina uwezo wa kuendesha michezo mingi kwa kiwango cha chini au cha wastani. Swali ni moja, lakini majibu ni mawili, kwa sababu mashine ni mbili.

Uhai wa Programu Endeshi

Kadi haiwasiliani na tarakilishi bila mkalimani. Mkalimani huyo ni programu endeshi, ambayo hutolewa na kuboreshwa na kampuni iliyounda kadi. Mchezo mpya ukitoka, mkalimani naye hufundishwa lugha yake. Kampuni ikiacha kumfundisha, kadi huwa kama mzee hodari ambaye hakuna tena anayemtafsiria habari za leo.

NVIDIA iliacha kuzishughulikia kadi za kizazi cha Fermi mwaka wa 2018, na za kizazi cha Kepler mwaka wa 2021 kwa upande wa michezo mipya. Vizazi vya Maxwell na Pascal, ambavyo ndivyo vya GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti, viliwekewa kikomo kama hicho Oktoba 2025, vikabakiziwa masahihisho ya usalama pekee. AMD nayo iliziweka kando kadi zake za kabla ya kizazi cha Polaris mwaka wa 2021. Hii haimaanishi kuwa kadi hizo zimekufa. Michezo iliyotoka wakati wa uhai wake itaendelea kuchezeka. Ila asitokee mtu akainunua leo kwa matumaini ya michezo ya kesho.

Uwezo wa Umeme

Jambo la tatu ndilo linaloweza kuiangamiza mashine. Nafasi ya kupachikia kadi katika ubao mkuu, kwa kanuni, hutoa hadi wati 75, na baadhi ya tarakilishi za ofisi huruhusu chini ya hapo. Kadi inayohitaji zaidi hudai waya wa ziada kutoka kwa kisanduku cha umeme cha tarakilishi. OptiPlex 7010 iliyotajwa ilitengenezwa na kisanduku cha wati 275 katika umbo kubwa na wati 240 katika umbo dogo. Kadi ya GTX 480 ya mwaka wa 2010 peke yake hula wati 250. Kuipachika humo ni kumtwika punda mzigo wa lori.

Isitoshe, umeme hulipiwa. Anayecheza saa tatu kila siku kwa siku 30 hucheza saa 90. Kadi ya wati 250 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote itatumia uniti 22.5; GTX 750 Ti, ambayo ni ya wati 60, itatumia uniti 5.4. Kwa michezo mingi kadi hizi mbili hazipishani sana kwa uwezo, lakini kila mwezi ya kwanza itameza uniti 17.1 zaidi. Bei ya kadi kuukuu haikomi dukani. Huendelea kulipwa kwa tokeni. Michoro jumuishi, kwa upande huu, haina mshindani.

Umbo nalo lisisahaulike. Tarakilishi ya umbo dogo hukubali tu kadi fupi ya kimo cha chini. Ni vyema kupima nafasi kwa rula kabla ya kufungua kibeti.

Tahadhari ya Soko la Mtumba

Kadi kuukuu ina historia isiyoandikwa mgongoni. Kabla ya Septemba 2022, wakati sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipobadilisha mfumo wake, kadi nyingi zilikuwa zikifanyishwa kazi ya kuchimba sarafu hiyo usiku na mchana. Nyingine hughushiwa: chipu ya zamani hubadilishiwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huonyesha chipu halisi, aina ya kumbukumbu na kasi yake, na huweza kufichua nyingi za bandia. Muuzaji mwaminifu hatakataa kadi yake ipachikwe, ikaguliwe na kuchezeshwa kwa nusu saa mbele ya mnunuzi. Akikataa, jibu limepatikana.

Aina ya Michezo

Hatimaye, uteuzi huongozwa na mchezo wenyewe. Grand Theft Auto V ilipotolewa kwa tarakilishi mwaka wa 2015, kiwango chake cha chini kilikuwa GeForce 9800 GT yenye gigabaiti 1, kadi ambayo hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Mchezo kama huo uko ndani ya uwezo wa GTX 750 Ti na wa michoro jumuishi ya miaka ya karibuni. Lakini Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka Desemba 2024, hudai kadi yenye vitengo maalumu vya kufuatilia miale ya nuru. GTX 1050 Ti haina vitengo hivyo, na hakuna marekebisho yatakayoipa. Kwa mpenzi wa michezo ya namna hii, kadi kuukuu si njia ya mkato. Ni njia isiyofika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mwenye tarakilishi ya ofisi ya miaka ya 2012, anayependa michezo ya zamani, anaweza kufaidika na kadi kuukuu isiyozidi uwezo wa nafasi ya kupachikia, mradi ina kumbukumbu ya kasi na imekaguliwa. Mwenye prosesa ya karibuni yenye michoro jumuishi imara atanufaika zaidi kwa kuongeza kumbukumbu na kuzihifadhi fedha zake hadi aweze kununua kadi ambayo programu endeshi yake bado inahudumiwa. Kwa wote wawili, kadi kubwa za zamani zinazokula umeme mwingi ni mtego, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Na kabla ya kufungua tarakilishi kwa ajili ya lolote kati ya haya, nakala ya tasnifu na iwekwe mahali pengine.

Methali mbili zilizotangulia, basi, hazikinzani kama inavyodhaniwa. Ya kale ni dhahabu pale tu inapopimwa ikaonekana kuwa dhahabu, na kipya ni kinyemi pale kinapokidhi haja. Baina yake ipo methali ya tatu inayomfaa zaidi mwanafunzi mwenye mkopo mmoja na mashine moja: usiache mbachao kwa msala upitao.